Viatu Mlangoni

Saa nane usiku, Ng'ong'ona. Upepo wa Agosti
unapenyeza vumbi chini ya mlango wa maabara.
Kompyuta kumi na sita, zote za kupewa,
nimezipa majina ya vijiji nisije nikazichanganya:
Bahi, Kigwe, Mundemu, Mvumi, Hombolo,
na ile yenye feni inayokohoa, Chipanga.

Asubuhi Daktari Msanjila anataka hesabu
ya maji yaliyobaki chini ya visima vya Makutupora.
Kompyuta moja ingehesabu mpaka mvua za Desemba.
Zikigawana, kabla ya chai.
Nafungua konsoli, naandika neno la kuziamsha.

Mstari mmoja tu:
*Siwezi kuanza. Nimekwisha kuanza.*

Umeanza wapi? Naita Bahi, kimya.
Naita Kigwe, kimya.
Napapasa waya mmoja mmoja
kama mtu anayehesabu mbuzi gizani.
Nabadili neno la siri. Nachomoa swichi, naichomeka.
Nampigia Ndahani, yuko msibani Kondoa,
ananong'ona, "Zima, uwashe."
Nazima. Nawasha.
*Nimekwisha kuanza.*

Nikakaa chini sakafuni, mgongo ukutani,
na hapo nikaukumbuka mlango wangu.

Pale ninapopanga, kila jioni naweka nje
mabuti ya marehemu baba, ya kazi ya reli, namba kumi,
pua zikitazama ndani, kama mtu kaingia sasa hivi.
Mwizi akipita anajua yumo mwanamume.
Mwaka wa nne sasa.
Jirani mpya huniuliza shemeji ana zamu gani,
mbona hamwoni.

Nikainuka.
Kwenye kabrasha la vitu vya muda
nikakuta kifaili, namba moja tu ndani yake,
cha jana, saa kumi na dakika tano,
umeme ulipokatika na konsoli ikafa bila kuaga.
Aliyevivua hayupo.
Kila ajaye anaona viatu,
anasema moyoni, kumbe kuna mtu,
anageuka.

Kukifuta ni kubonyeza mara moja.
Kidole kilisita, sijui kwa nini.

Konsoli ikapiga hodi.
Bahi: nipo.
Kigwe: nipo. Mundemu, Mvumi,
Hombolo ikachelewa kidogo, ikaitika,
na ya mwisho kabisa, kwa kikohozi, Chipanga: nipo.
Feni kumi na sita zikavuma pamoja,
chumba kikapata joto la zizi.

Kumepambazuka nilipofika nyumbani.
Mabuti yalikuwa palepale, yamejaa mchanga.
Nikayakung'uta kwenye ngazi, moja, halafu la pili.
Nikataka kuyaingiza ndani.
Nikayarudisha mlangoni,
ila safari hii
pua zikitazama nje.