Simu ya Helmeti

Duka la Ruwi, kiyoyozi kinanong'ona,
kila kifaa dukani husikika vyema.
Muuzaji akanivika cha ghali:
"Hiki hunyamazisha upepo."
"Niazime vyote vitatu hadi magharibi," nikasema.
"Mie sinunui ukimya wa dukani."

Barabara ya Barka, saa tisa,
malori ya kokoto, joto kama tanuri lililoachwa wazi.
Harith mbele na pikipiki yake, mimi na yangu.
Cha rahisi kwanza:
"Zuwe— shhh —kulia— shhh —mafuta?"
Nusu ya kaka yangu imekwenda na vumbi.

Kisha kile cha ghali.
Sauti safi, utadhani tumekaa sebuleni kwa mama,
halua katikati.
"Unakwenda ngapi?"
"Tisini tu, dada."
Na kwa upole ule nikamwamini,
mpaka nilipotazama mshale wangu: mia na ishirini,
naye anazidi kuwa mdogo.

Nikachukua cha kati,
chenye sponji nene mdomoni.
Neno hufika zima,
na nyuma yake upepo kidogo,
shahidi asiyejua kumsitiri mtu.