Upana wa Uzi Mmoja

Miaka ishirini nimeushika uzi kwa meno
sokoni Kadutu, mashini yangu imegeukia ngazi,
na uzi hautoroki: unaingia kwenye mwanya,
unatulia hapo kama ufunguo kwenye kitasa
huku mikono miwili ikihangaika na libaya la mtu.

Mwanya ni urembo, wanasema.
Wateja wanasema, wauza sambaza wanasema,
wakwe walisema siku ya kuhesabu ng'ombe.
Nami nimechoka kusifiwa
kwa kitu ambacho hakipo.

Basi nikapanda Nyawera, dola zimekunjwa ndani ya soksi.
Dokta Murhabazi akapima kwa kirula cha chuma:
milimita tatu na nusu. "Si ugonjwa huu," akasema,
"usije ukawaambia watu nilikuponya."
Kisha akanitandazia njia mezani, kama ninavyotandaza vikwembe.

Kuna gundi nzito ya rangi ya jino:
inapakwa pembeni, inakaushwa kwa taa ya buluu,
unaingia na mwanya adhuhuri, unatoka bila mwanya kabla ya mvua.
Lakini humegeka. Muwa uusahau.
Kuna vigae vyembamba vya kubandika mbele;
ili vikae, jino lazima lisuguliwe,
na kilichosuguliwa hakirudi.
Kuna ganda la plastiki lisiloonekana, la kuvaa na kuvua.
Bei yake aliiandika kwenye karatasi. Hakuitamka.
Na kuna waya: kifungo kwa kila jino,
kukazwa kila mwezi, mwaka na zaidi.

Akaniinua mdomo wa juu kwa kidole chenye glavu,
akanionyesha kiooni ukano mdogo
ulioshuka toka ufizi hadi katikati:
"Huyu ndiye mlinzi wa mlango. Huenda tukamkata."

Nikauliza: ukiyavuta haya mawili, pengo litakwenda wapi?
Maana mimi ni mshonaji. Ukibana kiuno, nguo hufura nyonga.
Dokta akacheka sana,
na nikaona: naye ana mwanya.

Nilichagua waya.

Miezi kumi na sita. Sombe ikinasa kwenye nyaya,
bugali nikiimeza kama mgonjwa,
binti yangu Ansima akiniita Mama Senyenge.
Usiku wa kukazwa sikulala. Nilikaa dirishani
nikiitazama Bukavu ilivyozamisha rasi zake ziwani,
meno matano ya mtoto, kila moja na upande wake,
na Kivu limelala katikati bila haraka,
na hakuna aliyewahi kulipimia waya.

Vifungo vilipotoka nilipewa kioo.
Meno yaligusana kama watu kanisani.
Nilimtafuta mama yangu pale alipokuwa akikaa siku zote,
nikaona weupe mtupu.

Sokoni, uzi ukaenda mdomoni kwa mazoea,
ukagonga ukuta,
ukateleza, ukaanguka kwenye vumbi
mbele ya mteja, naye akajifanya hakuona.

Dokta alikuwa amenipa kishikizo cha kuvaa usiku.
Mpaka lini? nilimuuliza.
"Mpaka uzeeke. Meno hukumbuka yalikotoka."

Nilikivaa. Kweli nilikivaa.
Kisha usiku ule Ansima alipokuwa na homa nikasahau,
na usiku umeme ulipokatika sikukiona kilipo,
na usiku mwingine
nilikiona.

Leo asubuhi nimechukua uzi mwembamba kuliko wote,
ule wa hariri wa kushonea shela,
nikaupeleka mdomoni polepole, kama anayebisha hodi kwake mwenyewe.
Ukapita.
Mmoja tu. Wa pili hauingii, nimejaribu.

Kishikizo kimo kwenye kopo la vishikizo,
kati ya vya shati na vya koti.
Mteja anataka nguo yake kabla ya saa sita.
Nakanyaga mashini.