Maranda

Amos Bagshaw ameketi uani, Sheffield,
juu ya kreti la chupa za maziwa,
anachonga kipande cha mti wa mpea.
Hakati. Hapasui. Anaondoa.
Kisu kinakwenda mbele kidogo, kinarudi,
na kila mara mti unakubali hasara isiyouma:
ganda moja jembamba, limejikunja kama sikio la paka.

Kwa kazi hii Waingereza wana neno moja, whittle.
Amos hulitamka bila kulifikiria, kama jina la mbwa wake.
Hajui kwamba hapo kale neno lilikuwa nene,
thwitan, lenye ubishi mdomoni,
ulimi sharti uguse meno ndipo litoke.
Kitendo kikazaa kisu, kisu kikaitwa thwitel,
kisha kisu nacho kikazaa kitendo:
mjukuu akarithi kazi ya bibi
bila kuulizwa.
Na midomo ya watu, karne baada ya karne,
ikapita juu yake taratibu,
ikamenya mwanzo, ikalainisha kifundo,
hata likabaki hili jepesi la kutia mfukoni.

Thirza, mkewe, halipendi.
Alilisikia kinywani mwa meneja wa kiwanda cha visu
mwaka ule theluji ilipokaa hadi Machi.
Tutawapunguza, alisema, kwa neno hilohilo,
pole pole, msiogope.
Arobaini na wawili wakawa thelathini,
thelathini wakawa kumi na mmoja,
akabaki Amos na kijana wa kufagia,
kisha kijana akafagia hadi mlangoni, akatoka.
Haba na haba hujaza kibaba.
Hakuna aliyeniambia kibaba humwagika vivyo hivyo.

Na vumbi la jiwe la kunolea, miaka ishirini na sita,
lilikuwa na kisu chake kifuani mwa Amos.
Siku hizi hupumzika kila ngazi ya tatu,
anajifanya anatazama picha ukutani.

“Unatengeneza nini?”
“Kilikuwa kijiko.”
Sasa hakiwezi kubeba supu.
Labda kijiti cha kukorogea chai. Labda
cha kuchokolea meno. Anaendelea.

Thirza anainama, anakusanya maranda kwenye aproni,
mengi kuliko mti ulivyoonekana,
anayatia kwenye kopo la biskuti kando ya jiko.
Asubuhi hushika moto
haraka kuliko gazeti.