Safu ya Tatu

Daftari letu la Jumamosi lina safu nne:
jina, shehia, anajua kusoma, sahihi.
Safu ya tatu hujazwa N au H,
na mwenye kalamu ni mimi,
Salha Hamad, msaidizi wa maktaba, Wete,
vyumba viwili, feni moja, mikeka saba.

Saa tatu ni watoto.
Huvua ndara mlangoni, jozi zikachanganyika,
na hadithi niliyowasomea wiki jana
hunisahihisha kabla sijafika ukurasa wa pili.
Msimu wa karafuu hubaki watatu,
vidole vyeusi,
na kila kitabu wanachokishika
hunukia mpaka Ramadhani.

Saa nne, kisomo cha watu wazima.
Ndipo alipoingia Bi Mize Shaame,
buibui limefifia mabegani, miwani imefungwa uzi.
Kiti akakikataa, akaketi mkekani.
Jina? Shehia? Kusoma?
"Vijiti vyenu hivi sivijui."
Nikaandika H.
Haikuchukua hata wino.

Juu ya kabati, feni isikofika,
kulikuwa na bati la biskuti.
Aliliacha mjukuu wa mwenye duka
siku alipohamia Unguja.
Ndani makaratasi ya hati za Kiarabu, kingo zimeliwa.
Miaka minne hatukujua la kulifanya,
na karatasi yenye hati zile haitupwi,
haikanyagwi, haiwekwi chini:
huenda ni aya.
Tulipopaka rangi ukuta
tulilihamisha kwa mikono miwili,
tena tuna udhu.

Bi Mize akanyanyua macho. "Na lile?"
Nikaliteremsha. Akapiga Bismillahi, akafungua,
akaanzia kulia akaja kushoto,
kidole mbele, sauti nyuma,
wala si Kiarabu, Kiswahili kitupu cha majumbani:
"Mkasi Juma, pishi mbili za mchele, hajalipa.
Khatibu wa Jadida, taa ya chemni, kalipa nusu.
Yule fundi baskeli asikopeshwe tena, mwongo."

Kimya.
Halafu mtu akacheka, nadhani ni mimi.
Miaka minne tumelitawadhia daftari la mikopo!
Bi Mize hakucheka.
"Amana za watu hizi," alisema,
akageuza karatasi ya pili.

Kumbe alisoma chuoni kwa babake,
na barua za mtaa mzima zilipita mkononi mwake,
za posa, za talaka, za kuomba nauli.
"Ulonuliza si hilo," aliniambia. "Ulonuliza vijiti."

Nikarudi kwenye safu ya tatu.
Wino haufutiki kwa mpira.
Nikakwangua kwa wembe mpaka karatasi ikatoboka,
na tundu lipo hadi leo:
ukiinua ukurasa, mwanga unapita
mahali palipokuwa na H.

Siku hizi saa nne tumeigawa.
Nusu ya kwanza vijana wanamwonesha vijiti,
a kama tumbo, b kama tumbo na fimbo,
naye anaguna.
Nusu ya pili yeye huwashika mkono
na kuupeleka upande usiouzoea.
Hata Shamte, anayekuja kwa ajili ya kompyuta tu,
zamu yake imempita mara mbili
anahangaika na nukta za the.

Nikadhani yameishia hapo.

Jumamosi moja mvua ya vuli inanyesha,
akaja Faki, mwashi, mjukuu wa Mkasi Juma.
Habari zilimfikia kwenye jukwaa la ujenzi.
Alivua viatu, akaweka mfuko mezani pangu,
pishi mbili, zimepimwa,
mfuko unavuja maji.
"Mwenye duka kafa, bibi naye kafa," alisema,
"lakini deni halikufa. Lipokeeni nyie."

Daftari halina safu ya mchele.
Nikatafuta, nikageuza, Faki amesimama,
watoto wamenyamaza kutazama.
Mwisho nikachukua kitabu cha azima
na kuandika kwa mwandiko wangu mzuri:
*Kimerudishwa. Kimechelewa miaka sitini.
Faini, hakuna.*

Bi Mize akaomba kalamu,
akatia sahihi pembeni, kutokea kulia.