Ndumakuwili

Wa kwanza aliletwa ndani ya chupa ya maji
na Mwinshehe, mchimba mitaro wa Gongo la Mboto.
"Huyu ana vichwa viwili. Usimguse."
Nikamgusa.
Mwembamba kama kamba ya kiatu, wa baridi, anang'aa
kama aliyepakwa mafuta ya nazi akaambiwa asubiri wageni.

Nilimlaza chini ya lenzi, nikahesabu magamba
kuzunguka kiwiliwili, kwa ncha ya sindano:
safu ishirini na nne.
Macho ni vitone viwili vya wino chini ya ngozi,
herufi zilizoandikwa upande wa pili wa karatasi.
Mkiani, mwiba. Hamchomi mtu;
anauchomeka udongoni, asukume mwili mbele.
Kichwa ni kimoja, Mwinshehe.
Cha pili nimekitafuta, hakipo.

Wa Kigamboni, mchangani, ana rangi ya waridi,
utadhani kazaliwa asubuhi hiyo.
Wa Pugu, chini ya majani yaliyooza,
mweusi, mnene kama kidole gumba,
tumbo la maziwa yaliyoungua.
Wa Jangwani alikuja na mafuriko;
penye makazi niliandika: maji.
Ramani yangu ukutani ina pini nyekundu,
na pasipo na pini si kwamba hawapo.
Hapajachimbwa tu.

Msibani kwa baba, shangazi aliniita ndumakuwili
kwa kuwa niliwapelekea chai watoto wa mke mdogo
waliokaa upande wao wa turubai.
Sikujibu. Nilibeba birika.
Nilikuwa nawaza safu ishirini na nne.

Halafu kuna yule mdogo kuliko wote,
anayeishi kwenye vyungu vya maua vya Sikudhani, Barabara ya Bagamoyo.
Hawana dume hao. Wote majike, hutaga bila kuolewa,
hupanda malori ndani ya mizizi ya asumini,
hushuka Dodoma, Tabora,
popote mtu anapotaka harufu nzuri mlangoni.
Ramani yao siwezi kuichora.
Nilimwomba Sikudhani aniandikie wateja.
Akacheka: "Mwenzangu, nyoka nao wanakatiwa risiti?"

Jana kanipa daftari. Kurasa mbili, kalamu ya kijani:
jina, ua, liendako.
Mstari wa sita, jina la shangazi.
Asumini, vyungu viwili. Chanika.

Nikachukua pini.