Uzi wa Kokwa

Avokado saba zimeanguka usiku.
Nimezihesabu nikiwa kitandani: tu, tu, kimya, tu.
Asubuhi nimezikuta nane.
Moja ilianguka nikiwa usingizini,
ama masikio nayo yameanza kuzeeka.

Hapa Mutuini tuna robo ekari, miti ishirini na minne,
milokwati miwili karibu na lango
na mpulamu mmoja wa matunda machachu ambao Gathogo anaupenda
kwa sababu aliupanda mwenyewe.
Yeye anapogoa. Mimi naokota, napangusa, napanga kwenye kreti,
na kati ya kupangusa na kupanga
natoa kitambaa mfukoni mwa aproni.
Mishono mitano. Sita, kama chai bado haijachemka.
Hivyo ndivyo kitambaa cha meza kinavyoisha,
yaani, hakiishi.

Ni cha Gaceri, binti ya shemeji yangu, anayeolewa Desemba.
Alinitumia picha kwa simu: mawaridi, mekundu, makubwa kama kabichi.
Nikamwambia sawa.
Lakini mimi mawaridi siyajui. Nayajua yale ya barabarani,
yaliyofungwa nailoni, shingo zimelegea.
Ninalolijua ni ua la avokado: dogo kama punje ya mtama,
rangi ya maji yaliyochemshiwa mchicha,
leo linafunguka kama mke, kesho kama mume,
na nyuki ndio washenga.
Nani ataketi mezani alione ua kama hilo?

Nikalishona hata hivyo. Kwenye pindo, upande wa ndani.

Uzi mwekundu nilionunua Kawangware ulichuja
kabla hata ya kufuliwa, kwa jasho la vidole tu.
Basi nikachemsha kokwa, kumi na mbili,
katika ile sufuria isiyorudi jikoni.
Maji yakawa kama chai ya rangi, kisha yakageuka tena
yakawa kitu ambacho Gathogo alikiita ufizi wa mtoto.
Ganda kijani, nyama ya manjano, na ndani kabisa, waridi.
Miaka thelathini nimekuwa nikitupa waridi
kwenye shimo la taka.

Muthike alikuja Jumanne na pikapu, akapima kwa jicho.
"Kubwa shilingi kumi, ndogo nne, hizi za kuanguka wape nguruwe."
Nilikuwa na ncha ya uzi mdomoni, nailainisha,
sikuweza kumjibu upesi,
na ule ukimya ukampandisha hadi kumi na mbili.

Nyuma ya ua (ule wa michongoma, si lile la sindano)
wamesimamisha ghorofa saba.
Jua letu sasa linafika saa nne, kama karani wa serikali.
Mpulamu haukuchanua mwaka huu.
Gathogo hutazama juu, huhesabu madirisha, hutema mate.
Mimi nanyamaza, kwa sababu usiku, stima ikipotea kwetu,
taa yao ya ulinzi huruka michongoma
ikaja hadi kwenye kiti changu,
nami napitisha uzi tunduni mara ya kwanza, bila miwani.
Wametunyang'anya asubuhi, wakaturudishia usiku wa manane.
Sijui nitarizi shukrani ama laana.
Natarizi majani.

Jumapili Gaceri akaja, akakitandaza kwenye magoti.
Akagusa doa la kahawia karibu na kona.
Utomvu, nikasema. Hautoki.
Akasema haya mawaridi yamepauka, shangazi.
Nikasema ndiyo.
Akakigeuza, sijui alitafuta nini huko, mafundo labda,
kidole chake kikasimama penye pindo.
"Na hivi vidudu?"

Nilitaka kumweleza. Nilifungua hata mdomo.
Nje kitu kikaanguka: tu.
Yeye akashtuka.
Mimi nikasema, moja.