Tupu si Sifuri

Bwana Kaljuste ananiwekea karatasi mezani.
Hakai. Koti lake bado linachuruzika.
"Leelo, mto Sarapuu umekufa lini?"

Natazama grafu. Mstari wa buluu
unaanza Januari, unapanda bila haraka,
unafika Machi kumi na tisa
na hapo unajitupa chini, wima,
kama ndoo iliyokatika kamba.
Siku tisa umelala sakafuni.
Kisha unaruka juu, kama hakuna lililotokea.

Mito haifi hivyo.
Nafungua faili.

Kwanza naiuliza grafu: unasoma wapi?
Nabofya, na fremu ya zambarau
inazizunguka seli zake,
mstari wa pili hadi wa tisini na moja.
Lakini data zimefika mia na tano.
Nusu ya Aprili imebaki nje ya uzio,
imekuja lango limeshafungwa,
na grafu haina habari na waliochelewa.

Nashika kona ya fremu, naburuta.
Mkono unateleza, nakigusa kichwa cha safu,
na mwaka unahesabiwa kuwa maji:
mita elfu mbili na kumi na tisa,
mto mrefu kuliko kilima chochote cha Estonia.
Nacheka peke yangu. Narudisha.

Kuna shimo jingine, jembamba, Februari tatu.
Naisogelea seli ile.
Namba za kweli huegemea kulia;
hii imeegemea kushoto, kama maneno.
Ni Joosep, kijana wa mafunzo:
ameweka nukta mahali pa mkato,
na kwa nukta moja
mita na nusu za maji zimegeuka maandishi.
Nafuta, naandika upya. Shimo linafumba.

Zinabaki zile tisa.
Hazina nukta, hazina kistari,
hazina hata nafasi iliyojificha.
Nampigia Virve Pihlak,
miaka sabini na mmoja, msomaji wa rula ya mto
kwa posho isiyonunua hata buti.

"Sikuandika," anasema, "kwa kuwa sikuiona rula.
Maji yaliifunika, yakaja hadi jikoni.
Nilipiga kasia kwenda kuwalisha ng'ombe.
Ningeandika ngapi?
Nilichojua ni kwamba ni mengi."

Naweka simu chini.
Siku mto ulipokizidi kipimo
ndizo siku tulizosema haupo.

Ndani kabisa ya mipangilio, chini ya vidirisha vitatu,
kuna swali ambalo hakuna anayelisoma:
seli tupu zionyeshwe vipi?
Kama sifuri. Kama pengo. Au ziungwe kwa mstari.
Nani aliyechagua sifuri?
Ni mimi. Vuli iliyopita,
nikiliwahi basi la saa kumi na moja.

Najaribu kuunga. Daraja linanyooka
kutoka Machi kumi na nane hadi ishirini na nane,
laini, la heshima,
likipita chini kabisa ya maji yaliyoingia jikoni kwa Virve.
Huu nao ni uongo, ila umechana nywele.

Nachagua pengo.

"Sasa kuna tundu," anasema Bwana Kaljuste.
"Ndiyo."
"Wizara haipendi matundu."
"Sifuri waliipenda?"
Anaikunja karatasi, anaondoka nayo,
na siwezi kusema kama ameudhika.

Jioni simu inalia.
"Tanuri langu lina alama ya tope," anasema Virve.
"Nimeipima kwa utepe wa kushonea:
sentimita arobaini na moja kutoka sakafuni.
Sakafu iko juu ya mto kwa kiasi gani, sijui.
Itakufaa?"

Haifai. Haina pa kuanzia kuhesabu.
Naiandika hata hivyo,
kwenye safu ya maelezo, nje ya fremu,
na jina la tanuri,
na la utepe.